Sema Amekunywa Chai

Mwanangu Sifa,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mvua hii itakuchelewesha. Nimepata saa mbili tatu za kukaa peke yangu na kalamu. Kesho asubuhi mumeo Elia atakuja na baiskeli mbili za kabaza, zile za kubeba abiria, moja yako na moja ya mizigo, na jioni utakuwa Chilinde, mjini Lilongwe, katika nyumba ambayo sijaiona. Habari za chumvi na mkaa, na namna ya kukaa na majirani, sina haja ya kukuandikia. Nyumba yetu hii wewe ndiye uliyeishika tangu ukiwa na miaka kumi na mitatu. Nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka mitano.

Asubuhi, nilipokuwa nakunja vitenge vyako, kilianguka kifuko cha plastiki kilichofungwa kwa uzi mwekundu. Nilikifungua. Unisamehe. Ndani mlikuwa na mizizi iliyokatwakatwa na unga wa kahawia. Nadhani mama mkwe wako ndiye aliyekupa, na alikupa kwa mapenzi, ili mtoto akae vizuri tumboni, au ili njia ifunguke siku itakapofika. Nilinusa. Nikaweka kidogo kwenye ncha ya ulimi, nikatema. Mimi, ambaye wanawake wa Fizi, kwetu Kongo, walikuwa wananifuata kwa ajili ya vitu hivi, sikujua ni nini.

Nimekirudisha mahali pake, katikati ya kitenge cha njano. Sikukitupa, kwa sababu wewe sasa ni mke wa mtu na kitu chako ni chako. Lakini kabla hujachemsha hata kijiko kimoja, nataka ujue kilichompata mama yako mdogo Mapendo, kama kilivyokuwa.

Wewe ulisikia kwamba mtoto wake aliliwa na Mama Goreti, yule Mrundi aliyekuwa ukuta mmoja na sisi. Kambi nzima ilisikia hivyo. Mimi ndiye niliyeacha isikike.

Bibi yako, mama yangu, alinionyesha jani moja nilipokuwa msichana. Jina lake la Kibembe sitaliandika hapa, usije ukalitafuta. Mwanamke akichelewa kujifungua, tulimpa maji yake, na uchungu ulikuja. Hapa Malawi wana dawa zao za kazi hiyo hiyo, wanaziita mwanamphepo. Niliwapa wanawake wengi. Wengine walijifungua vizuri, wakaniletea kuku, nikaitwa mjuzi. Wengine hawakujifungua vizuri, tukasema ni Mungu, au tukasema ni mtu. Hao wa pili sikuwahi kuwahesabu, Sifa. Hakuna aliyewahesabu. Jina langu lilijengwa na wale wa kwanza tu.

Vita ilipotukuta, baba yako akabaki kwenye njia ya kwenda mji wa Baraka, sisi tukavuka ziwa: mimi, wewe, Mapendo na mume wake. Mapendo alikuwa na mimba changa ambayo hakujua ilianza lini. Njiani miezi ilimchanganyikia. Alikuwa anahesabu kwa mahali: mwezi wa Kigoma, mwezi wa kulala kituo cha basi, mwezi wa Karonga. Tulipofika Dzaleka, tukaandikwa wakimbizi na kupewa kile kipande cha ardhi nyuma ya jela ya zamani, tumbo lilikuwa kubwa mno, na miguu yake imevimba. Kwenye kliniki ya kambi, nesi alimpima tumbo kwa utepe kama wa fundi cherehani, akaandika kwenye kadi kwamba bado mwezi mmoja, pengine na zaidi.

Nilimcheka yule nesi. Alikuwa msichana tu. Nikamwambia Mapendo, "Huyu anapima mutu kama anapima pazia. We umepitisha siku."

Akaniamini. Tangu utoto aliniamini.

Basi nikaenda kutafuta jani. Nilizunguka siku mbili, na siku ya tatu nikaliona kule chini kwenye dambo, mahali maji ya mvua yanapotuama. Ilikuwa mchana, jua limesimama. Mbuzi wa wenyeji walikuwa wanakula kila kitu pale, hata majani ya miiba, lakini kichaka kile walikizunguka. Kilikuwa kimebaki peke yake, kizima, kama nyumba iliyohamwa. Nilitazama: upana ule ule, manyoya madogo upande wa chini, mshipa mwekundu katikati. Moyo wangu ulifurahi kama nimekutana na ndugu. Nikavunja jani moja nikalinusa. Harufu haikuja. Nikavuta pumzi mara mbili, mara tatu, ndipo ikaja, kama mtu uliyemwita akaitika kutoka mbali, na huna hakika kama aliyeitika ni yule uliyemwita.

Nyuma yangu mtu akasema, "Mama Sifa, ile majani unaijua?"

Alikuwa Mama Goreti na ndoo yake. Unamkumbuka, mjane, mwembamba, hana mtoto. Goreti alikuwa binti yake aliyezikwa Burundi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na watu hawakupenda ukimya wake.

"Ni ya kwetu," nikamjibu.

"Hapa si kwenu. Mi niko hapa tangu mwaka ya kwanza. Mbuzi haikule ile."

"Mbuzi haizai na dawa."

Akanitazama kidogo, akachukua ndoo yake, akaenda. Nilikasirika njia yote. Mjane wa Kirundi anifundishe mimi majani!

Kwa kuwa harufu ilikuwa hafifu, niliweka majani mara mbili ya kipimo cha mama yangu, nikayachemsha mpaka maji yakawa mekundu kama chai ya rangi. Siku hiyo ilikuwa ya kugawa mahindi na maharagwe. Watu wote walikuwa kwenye foleni, mume wa Mapendo akiwa na kadi zetu zote. Wewe ulikuwa bombani. Mapendo akanywa kikombe kizima, akakunja uso, akanywa na nusu nyingine kwa sababu nilimwambia.

Uchungu wa kuzaa una desturi yake. Unakuja, unaondoka, unampa mtu nafasi ya kupumua. Ule ulikuja ukakaa. Niliweka mkono juu ya tumbo, likawa gumu kama jiwe la kusagia, nikangoja lilegee, halikulegea. Kambi ilikuwa kimya. Huwezi kuamini kwamba Dzaleka inaweza kunyamaza namna ile. Hata jogoo hawakuwika, hakuna mtoto aliyelia, hakuna redio. Jasho lilikuwa linamtiririka Mapendo, lakini hakupiga kelele. Alikuwa ametega sikio.

"Yaya," akaniita, kama tuitavyo dada mkubwa kwetu, "mutoto amesimama."

"Anapumuzika."

"Hapana. Amesimama kama mutu anasikiliza kitu."

Nikaweka sikio langu. Mwanzoni nilisikia moyo wake mdogo, mbio, mbio, kisha polepole, kisha nikawa nasikia moyo wangu mwenyewe na sikuweza kuutenganisha na mwingine. Ndipo wewe ukarudi na maji, nikakuambia uache ndoo, tukamkokota hadi kliniki, wewe kwapa hili, mimi kwapa lile.

Sasa nafika mahali penyewe.

Nesi alikuwa yule yule msichana. Alimlaza Mapendo, akamshika tumbo, uso wake ukabadilika. Akaniuliza kwa Kichewa, "Wamwa mankhwala azitsamba?" Sikuelewa. Wewe ulikuwa umekwisha kuokota lugha yao kwa watoto wenzako tangu Karonga. Ukanigeukia ukasema, "Mama, anauliza kama amekunywa dawa ya majani."

Nilikuwa na neno moja la kusema. Nikaona aibu. Nikaona yule msichana na utepe wake akinicheka mimi, mjuzi. Nikaogopa pia kwamba watamfukuza Mapendo, maana watu walisema kliniki inafukuza wanaotumia miti shamba. Nikakuambia, "Sema amekunywa chai."

Ukasema, "Tiyi."

Ulisema vizuri, kwa sauti safi, kama mwanafunzi anayejibu swali. Hukujua. Rangi uliyoiona kikombeni ilikuwa ya chai kweli. Lakini uongo ule ulipita katika kinywa chako, na mimi ndiye niliyeutia humo. Kwa sababu hiyo nakuandikia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa kuwa aliambiwa ni chai, nesi alisubiri. Alidhani ni uchungu wa mimba ya kwanza unaoanza kwa fujo. Baadaye, siku nyingi baadaye, nilimuuliza mkunga mmoja Mkongomani wa kanisani kwetu, nikijifanya nauliza habari za mtu mwingine. Akaniambia, "Dawa ya vile inafinya tumbo bila kuachia. Mutoto anakosa pumuzi, na tumbo linaweza kupasuka. Kama wangejua, wangemutuma Lilongwe ile dakika." Ile dakika, alisema. Sisi tulikaa pale mpaka damu ilipoanza. Ndipo gari likaitwa, na barabara ya Dowa unaijua ilivyo wakati wa mvua.

Lilongwe walimpasua. Mtoto alikuwa wa kiume, ametimia kila kitu, kucha na nywele. Hakulia. Tumbo la uzazi la Mapendo lilikuwa limechanika, wakalitoa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Alipotolewa hospitali tukamrudisha nyumbani, maziwa yalikuwa bado yanakuja. Kila mtoto alipolia kambini, blauzi yake ililowa. Nilimfunga kifua kwa kitambaa. Siku ya nne, mchana, akainuka kwenye mkeka, akasema, "Yaya, analia."

"Nani?"

"Mutoto wangu. Iko kwa Mama Goreti. Nyuma ya ukuta."

Nikamwambia hakuna mtoto kwa Mama Goreti. Kesho yake, saa ile ile, akasema tena. Akaweka kiganja chake ukutani na maziwa yakamchuruzika mpaka kiunoni. Mara ya tatu nami nilisikia. Sikufichi. Kulikuwa na sauti nyembamba, ya kukatikakatika, inatoka kwenye lile tofali lenyewe, na mlango wa Mama Goreti ulikuwa umefungwa kwa kufuli, mwenyewe yuko bombani, nilimwona. Mpaka leo sijui ilikuwa nini. Pengine paka, pengine upepo unaopita chini ya plastiki ya paa. Nilitaka sana iwe kitu cha nje. Ikiwa kulikuwa na mchawi, basi hakukuwa na majani.

Mapendo akamwambia mume wake, mume akawaambia wanaume wenzake. Jumapili baada ya ibada walikuja wengi. Walivunja kufuli, wakatoa vitu vya Mama Goreti nje: mkeka, sufuria, jembe, mfuko wa nyuzi za sufu. Ndani ya mfuko mlikuwa na kofia ndogo ya mtoto, nyeupe, haijamalizika.

"Hauna mutoto. Unafumia nani?" mmoja akamuuliza.

Akajibu, "Ni ya mutoto ya Mapendo. Nilitaka kumupa akizaliwa."

Akazidi kujiangamiza kwa kusema ukweli. Kelele zilipanda. Mapendo akaanguka chini akishika ile kofia. Mama Goreti akageuka akanitafuta kwa macho katikati ya watu, akaniona. Alijua. Alikuwa amenikuta na majani mkononi. Nilingoja aseme. Sifa, nilingoja kama mtu anayengoja kupigwa. Akanitazama, kisha akatazama kidogo nyuma yangu, kisha akainamisha kichwa. Jiwe la kwanza lilimpata juu ya jicho. Polisi wa kambi walimwokoa wakamwondoa, na hakurudi tena Dzaleka.

Mimi nilikwenda nyumbani kupika.

Mume wa Mapendo alirudi Tanzania kutafuta kazi, na hakuandika. Mapendo akahamia Kauma, huko Lilongwe, kufulia watu nguo. Mimi nikabaki hapa, nikashona, nikaimba kwenye kwaya ya akina mama. Majani sikugusa tena, na watu walidhani ni kwa sababu ya huzuni.

Sikuambii kwamba kila jani ni sumu. Bibi yako alikuwa na majani yaliyoponya vidonda ambavyo hospitali ya misheni ilishindwa, nimeona kwa macho yangu. Lakini jani halisemi lina nguvu kiasi gani. Lile la mlimani si lile la bondeni, la kiangazi si la masika, na la hapa linaweza kuvaa sura ya la kwetu na lisiwe lenyewe. Kwa mtu mzima mwenye kidonda, ukikosea, unakosea kwa mmoja. Kwa mwenye mimba, kuna wawili wanaokunywa kikombe kimoja, na mmoja hawezi kutema. Kama mama mkwe atakuuliza, mwambie kwamba mama yako ana wasiwasi, nitupie lawama mimi, zimenizoea. Na kama umekwisha kuonja kilichomo katika kile kifuko, usione haya: mpelekee nesi, mwonyeshe, mwambie ni kiasi gani na lini. Akikukaripia, mwache akukaripie. Mimi nilikimbia karipio, na unajua nilipofika.

Uliponiambia una mimba, ulidhani nalia kwa furaha. Wiki ile ile nilikwenda Lumbadzi, nikakudanganya kwamba nafuata uzi wa cherehani. Nilikuwa nimesikia kwamba Mama Goreti anauza nyanya karibu na kituo cha minibasi. Nilimkuta. Kovu liko juu ya jicho la kushoto. Alinitambua kabla sijafika, akasogeza kapu lake, akanipa nafasi ya kukaa kwenye gunia, kama mtu aliyekuwa ananitarajia kwa saa fulani.

Mteja alikuja, akanunua, akashukuru kwa zikomo yao, akaenda. Ndipo nikamuuliza, "Kwa nini haukusema? Uliniona na ile majani."

Alipanga nyanya zake moja juu ya nyingine. "Sifa alikuwa nyuma yako," akasema. "Alisimama ku mulango. Bale bantu balikuwa na mawe mu mikono. Ningesema ni wewe, mutoto angeona mama yake anauawa."

"Na wewe je?"

"Mi hakukuwa mutoto wa kuniona."

Nilipiga magoti pale pale, kati ya watu. Akaninyanyua kwa kwapa, bila hasira na bila upole. "Usinililie mimi," akasema. "Mapendo anajua?"

Ndiyo maana Jumanne iliyopita nilikwenda Kauma. Mapendo alikuwa anaanika nguo za watu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, toka jani mpaka chai, na yeye akaendelea kuanika, shati, shuka, shuka, mpaka beseni likaisha. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi.

Akakaa kwenye beseni tupu. Akaniuliza kitu kimoja tu. "Ile sauti, Yaya. Kama Mama Goreti hakumubeba, njo nani alikuwa analia?"

Nikaokota kibanio cha nguo kilichoanguka miguuni pake.

"Kwa sababu hata hapa namusikia," akasema. "Mchana, bantu bakienda kazi. Nilidhani amenifuata kwa sababu yule mama alimwacha. Sasa sijue anataka nini."

Nguo zilianza kukauka. Kisha akasema Jumapili hii atakwenda Lumbadzi kwa Mama Goreti, peke yake, na mimi nisimfuate. Na akasema habari zako. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana ni yako.

"Sifa akifika Chilinde, aje kwangu Jumatatu. Nitamupeleka kliniki mi mwenyewe, kila mwezi, na nitakuwa ndani naye. Hana kosa. Lakini siku ya kuzaa, Yaya, we ubaki Dzaleka. Usikuye na chakula, usikuye na maombi. Mutoto akilia, nitatuma mutu."

Nimekubali, mwanangu. Mikono hii imepokea watoto wa wanawake ambao majina yao nimeyasahau, na wa kwako haitampokea. Usimwombe Mapendo abadili neno lake kwa ajili yangu. Nyumba yake ni ya tatu baada ya mashine ya kusaga, ina kamba za nguo pande zote mbili. Ukifika, mpe salamu zako mwenyewe. Zangu anazo.

Mama yako,
Dzaleka